Mkono unaanzia wapi? Sheria, refa na maneno yetu wenyewe



Hapa ni Kigoma, mwisho wa reli. Leo sina habari ya treni, sina habari ya umeme wala bei ya mgebuka. Nataka tuzungumze kuhusu filimbi. Najua wengi mtasema "haya tena, mpira," lakini nivumilieni, maana hili jambo si la mpira peke yake. Ni jambo la maneno: nani anayaandika, nani anayatafsiri, na nani anaumia pale maneno yanapokuwa na maana mbili.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kiangazi cha 2023 nilipewa filimbi kule Ujiji. Si kwamba mimi ni refa mwenye beji, hapana. Kulikuwa na ndondo ya vijana wa mitaani, zawadi mbuzi mmoja na seti ya jezi. Refa aliyepangwa hakutokea, mtu mmoja akasema, "Huyu kaka si anaandikaandika habari za mpira? Mpeni yeye." Nikapewa. Uwanja wenyewe uko chini ukishuka kuelekea ziwani: upande mmoja nyumba, upande wa pili mitumbwi na dagaa wameanikwa, na mistari ni ya majivu ambayo kufikia kipindi cha pili ilikuwa imeshafutika. Upande wa ziwa hata hayo majivu hayakuwepo. Mstari ulikuwa ni maji.

Dakika za mwisho, ngoma 1-1. Ikapigwa krosi, beki mmoja, kijana wa miaka kama 15 hivi, akaruka. Mpira ukamgonga juu kabisa, hapa begani, ukatoka nje. Uwanja mzima ukapiga yowe: "Mkonooo!" Na mimi nikapuliza. Penati. Ikaingia. Mbuzi akaondoka.

Kocha wa yule kijana, mtu mzima, mvuvi, hakunitukana. Alikuja taratibu, akaniuliza: "Kaka, hebu nielimishe. Mkono unaanzia wapi?"

Nikamjibu kwa ile jeuri ya mwenye filimbi: "Mzee, mkono ni mkono."

Usiku ule nilikwenda kusoma sheria. Kumbe mzee alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Lakini kufikia saa hiyo wenzake walikuwa wameshamwambia yule kijana kwamba ameuza mechi. Wiki mbili baadaye nikasikia haji tena mazoezini.

Tangu siku hiyo swali la yule mzee halijanitoka kichwani. Na kila nikisikia watu redioni wanamtukana mwamuzi, huwa najiuliza: hapa tunagombania sheria, tunagombania kilichotokea, au tunagombania neno tu?

MANENO YETU YANATUPONZA

Tuanze na hilo neno "mkono". Kwa Kiswahili mkono ni kuanzia begani mpaka kwenye ncha za vidole. Mtu akikuambia "nimevunjika mkono" hujui kavunjika wapi mpaka akuonyeshe. Hata shati lina mkono! Sasa wewe refa wa mtaani umekulia kwenye lugha hiyo, unategemea uone mpaka upi?

Sheria za soka, kuanzia toleo la 2020/21, zimeuandika mpaka huo wazi: kwa ajili ya kosa la kuushika mpira, mkono unaishia juu kwenye usawa wa chini ya kwapa. Bega halimo. Mpira ukikugonga begani, hakuna kosa, hata uwanja mzima ulie. Lakini nani katika sisi tunaokaa kwenye majukwaa aliwahi kuonyeshwa ule mchoro? Sisi tunajua "mkono" tuliofundishwa na mama.

Halafu kuna lile neno tunalolipenda: KUNAWA. "Kanawa! Kanawa yule!" Fikirini vizuri. Mtu hanawi kwa bahati mbaya. Kunawa ni kitendo cha kukusudia, unachukua maji, unanawa. Kwa hiyo refa akitoa penati kwa mpira uliomgonga beki bila yeye kutaka, mashabiki wanauliza "kanawa saa ngapi?" Na kwa maana ya neno lao wana haki kabisa.

Ila sheria haisemi kunawa. Tangu marekebisho ya 2021 inataja njia tatu. Ya kwanza, mchezaji kuugusa mpira kwa makusudi, mfano kuupelekea mkono. Ya pili, kuugusa wakati mkono wake umeufanya mwili uwe mkubwa isivyo kawaida. Ya tatu, kufunga goli moja kwa moja kwa mkono, au mara tu baada ya mpira kumgusa mkononi, hata kama ni bahati mbaya. Njia ya tatu haina shida. Ya kwanza ina shida kidogo, maana makusudi yako moyoni. Ya pili jamani... "isivyo kawaida" ni nini? Sheria inafafanua kwamba mkono uwe mahali ambapo mwendo wa mwili wa mchezaji katika tukio lile hauelezi kwa nini uko pale. Haya, beki anayeruka anaweka mikono wapi? Mfukoni? Anayeteleza je? Hapo ndipo refa anapoachiwa jumba bovu.

Neno la tatu ni KUOTEA. Mwindaji anaotea mnyama. Mwizi anaotea mtu gizani. Neno lenyewe limebeba hila. Ndiyo maana shabiki wetu akimwona mshambuliaji amesimama nyuma ya mabeki anapiga kelele hata kabla mpira haujamfikia. Lakini sheria ya 11 inaanza kwa kusema kwamba kuwa katika eneo la kuotea peke yake si kosa. Kosa ni kushiriki mchezo ukiwa pale, na hila haimo kabisa: ukijisahau umekamatwa, ukikusudia umekamatwa. Neno letu linamhukumu mtu kwa nia, sheria inamhukumu kwa mahali alipo na alichofanya.

Na msidhani ni sisi tu. Sheria hizi zinatungwa na IFAB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1886. Vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja kila kimoja, FIFA ina kura nne, na jambo halipiti bila robo tatu ya kura. Kitabu wanakitoa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na maandishi yakipishana, Kiingereza ndicho kinachotawala. Basi hata Mfaransa akipata utata, anarudishwa kwenye Kiingereza. Itakuwa mimi wa Ujiji?

KWAPA HILOHILO

Sasa niwatoe kidogo kwenye soka, maana kuna mchezo mwingine unaotufundisha jambo hapa. Softiboli. Wengi hatuuchezi, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi.

Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anasubiri na gongo. Mpira ukipita juu ya kibao kilichowekwa mbele ya mpigaji, kwa urefu unaokubalika, na yeye asiupige, unahesabiwa dhidi yake. Zikifika tatu, anatoka. Sasa huo urefu unaokubalika ni upi? Katika softiboli ya kimataifa ni kati ya makwapa ya mpigaji na juu ya magoti yake, akiwa amesimama katika mkao wake wa kawaida wa kupiga. Mnaona? Kwapa lilelile! Na "kawaida" ileile. Mpigaji akijikunja kama anaokota shilingi, je, huo ni mkao wake wa kawaida au anajifupisha kwa ujanja? Mwamuzi ndiye anayeamua, na anaamua kwa kufumba na kufumbua.

Kuna sheria nyingine kwao ina utata zaidi. Wakimbiaji wawili wa timu inayopiga wakiwa kwenye kituo cha kwanza na cha pili, na bado hawajatolewa watu wawili, mpira ukipigwa juu hewani karibu, mlinzi mjanja anaweza kuuachia udondoke makusudi. Wakimbiaji walikuwa wamebaki vituoni wakidhani utadakwa, sasa inabidi wakimbie, na yeye anawatoa wawili kwa mpigo. Kuzuia ujanja huo, sheria inasema kama mpira huo mlinzi wa ndani anaweza kuudaka kwa JUHUDI ZA KAWAIDA, basi mpigaji ametoka palepale, udakwe usidakwe.

Juhudi za kawaida! Za nani? Za mtoto wa shule au za timu ya taifa? Kukiwa na upepo je? Jua likiwa machoni?

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaelewa. Waliotunga hawakushindwa kuandika. Walijua huwezi kuandika upepo kwenye kitabu. Ukiweka idadi ya hatua ambazo mlinzi atembee, mjanja atajipanga hatua moja zaidi. Kwa hiyo wameacha nafasi makusudi, wakamkabidhi mtu aliye pale uwanjani anayeliona jua na kuusikia upepo.

Hapo ndipo nilipopata hoja yangu ya leo. Kuna utata wa aina mbili. Kuna ule ulioachwa kwa sababu maisha hayaandikiki. Huo ni wa refa, na tumvumilie. Na kuna ule ulioachwa kwa sababu mtu mwenye kalamu na muda hakumaliza kazi yake. Huo hauna mvumilivu. Tatizo letu ni kwamba tunamtukana wa kwanza na kumwacha wa pili anakunywa chai.

Twendeni na mifano ya hapahapa kwetu.

FAINALI YA LAKE TANGANYIKA

Tarehe 25 Julai 2021 Kigoma tulipata ugeni. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika. Mechi ambayo tumezoea kuisikiliza redioni ikaja mpaka mlangoni. We acha tu.

Kuelekea mapumziko, kiungo wa Yanga, Mukoko Tonombe, akalimwa kadi nyekundu kwa kumpiga kiwiko nahodha wa Simba, John Bocco. Yanga wakabaki kumi. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi mpira kuisha, ikapigwa kona, Taddeo Lwanga akaweka kichwa, 1-0, Simba wakabeba kombe. Mpaka leo ukikaa kijiweni Mwanga au Gungu, ukitaja kadi ile, chai inapoa.

Mimi niliposimama sikuona kiwiko. Niliona kadi. Na nina uhakika wengi waliobishana jioni ile hawakuona zaidi yangu. Lakini tuache nani aliona, tuangalie sheria inataka refa apime nini.

Kwenye kugombea mpira kuna ngazi tatu. Uzembe: hukuwa makini, ni faulo tu, hakuna kadi. Kutojali: umepuuza hatari kwa mwenzio, njano. Nguvu kupita kiasi: umezidisha nguvu au umehatarisha usalama wake, nyekundu. Ngazi ni tatu lakini hakuna kipimo, hakuna kilo wala futi. Refa anapima kwa jicho.

Kama hamgombei mpira, mlango ni mwingine. Mchezaji akimpiga mtu kichwani au usoni kwa makusudi kwa mkono, ikiwemo kiwiko, hiyo ni vurugu, nyekundu, ISIPOKUWA nguvu aliyotumia ilikuwa ndogo mno. Haya, tuambizane: ndogo mno ni kiasi gani? Kiwiko cha mtu mmoja kinamwangusha huyu, mwingine kinamfanya ajikune tu.

Kwa hiyo swali la kadi ya Mukoko si moja, ni matatu. Walikuwa wanagombea mpira au la? Alikusudia au mkono ulikwenda tu? Nguvu ilikuwa kiasi gani? Shabiki wa Simba anajibu yote matatu kwa sekunde moja, na wa Yanga vilevile, kwa majibu tofauti. Refa pia anajibu kwa sekunde moja, ila yeye hana timu (au tuseme hatakiwi kuwa nayo!) na yuko mita chache kutoka kwenye tukio. Sheria ya 5 inasema uamuzi wake juu ya kilichotokea mchezoni ni wa mwisho. Hilo halimaanishi kwamba hakosei. Lina maana lazima mtu mmoja amalize ubishi, la sivyo tungekuwa bado tumekaa Lake Tanganyika mpaka leo tukisubiri kipindi cha pili.

Huo ni utata wa aina ya kwanza. Unauma, ila ni wa halali.

GOLI LA PRETORIA

Kuna kitu kingine ambacho tunakiita utata wa sheria wakati sheria haina utata hata chembe. Tarehe 5 Aprili 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya marudiano Pretoria. Ya kwanza Dar ilikuwa 0-0. Stephane Aziz Ki akapiga shuti, likagonga mwamba wa juu, likadunda chini, likatoka. Wananchi wote wakaruka. VAR ilikuwepo. Goli likakataliwa. Mechi ikaisha 0-0, penati 3-2, Yanga nje.

Nilisikia watu wanasema sheria ya goli ibadilishwe. Ndugu zangu, sheria ya goli ni nyoofu kuliko zote: mpira WOTE uvuke mstari WOTE, kati ya miimo na chini ya mwamba. Hakuna "kawaida" hapo, hakuna "kiasi". Mzee wa Kibirizi na profesa wa Zurich wanaielewa sawasawa. Kilichokosekana kilikuwa ushahidi wa kumtosheleza kila mtu, kwa sababu picha tulizokuwa tunatumiana kwenye simu zilipigwa kwa pembe, na mpira ulio hewani ukiutazama kwa pembe unakudanganya. Dawa ya hapo ni mtambo wa kwenye mstari wa goli. Hata ukiiandika sheria upya mara mia, jicho litabaki palepale.

Naomba tutofautishe hilo. Kubishana kuhusu maana ya neno ni kitu kimoja. Kubishana kuhusu kilichotokea ni kitu kingine. Ukivichanganya, unamlaumu mwandishi wa sheria kwa makosa ya kamera.

WENYE KALAMU

Sasa tuje kwa wale wanaokunywa chai.

Tarehe 8 Mei 2021, Simba na Yanga, Uwanja wa Mkapa. Mechi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikatangazwa imesogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga wakasema hapana, kanuni ya 15(10) ya ligi inataka taarifa ya mabadiliko ya muda itolewe angalau saa 24 kabla. Wakaja saa 11 yao, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda wa saa 1. Watu walikuwa wameshakaa kwenye viti, wengine wametoka mikoani. Mechi haikuchezwa. Ilikuja kuchezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0 kwa goli la Zawadi Mauya.

Angalieni vizuri. Saa 24 si "juhudi za kawaida". Ni namba! Utata ulikuja pale watu walipoanza kuuliza: je, agizo la kutoka juu linaizidi kanuni? Na kama linaizidi, imeandikwa wapi?

Tukadhani tumejifunza. Tarehe 7 Machi 2025, usiku wa kuamkia mechi ya watani, Simba wakaenda Mkapa kufanya mazoezi, wakazuiwa kuingia. Wakatangaza hawachezi, wakishikilia kanuni ya 17(45) inayoipa timu mgeni nafasi ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi. Yanga wakaja uwanjani tarehe 8 kama kawaida, wakasema hawaitambui ahirisho hilo, wanataka pointi zao. Nchi nzima ikawa mawakili. Shauri likafika mpaka mahakama ya michezo ya CAS kule Uswisi, ikarudishwa kwamba Yanga hawajamaliza ngazi za ndani. Mwisho wa yote mechi ikachezwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga wakashinda 2-0 na ubingwa wakachukua.

Swali lililowagawa watu lilikuwa rahisi sana: timu ikinyimwa haki ya mazoezi, inapata nini? Inaruhusiwa kugoma? Mwenyeji anapigwa faini na mechi inaendelea? Nani anaamua, na kabla ya saa ngapi? Wenye Simba walisoma kanuni ileile wakaona ruhusa ya kutocheza. Wenye Yanga waliisoma ileile wakaona hakuna ruhusa hiyo. Mtu haandiki haki bila kuandika kinachofuata ikivunjwa. Hata ukikodisha mtumbwi hapa Kibirizi mnakubaliana: injini ikizima katikati ya ziwa, nani analipa mafuta. Wavuvi wanajua. Hawasubiri injini izime ndiyo waanze kutafsiri.

Refa wa mechi ya Kigoma alikuwa na sekunde moja. Wanaoandika kanuni za ligi wana miezi kati ya msimu na msimu, wana mawakili, wana viyoyozi. Utata wao hauwezi kupewa huruma ileile. Na bado, hesabuni: ni mwamuzi yupi alitukanwa mwaka ule, na ni mwandishi yupi wa kanuni mnayemjua hata kwa sura?

TUFANYE NINI?

Mimi si TFF wala si Bodi ya Ligi. Ila nina mambo matatu.

Moja. Kabla ya kumtukana refa, jiulize: nabisha maana ya sheria, nabisha kilichotokea, au nabisha neno nililolizoea? Ukigundua ni la tatu, nunua soda, kaa chini.

Mbili. Wanaotangaza mpira kwa Kiswahili wana kazi kubwa kuliko wanavyojua. Ukisema "kanawa" umeshatoa hukumu kabla ya refa. Sema "mpira umemgusa mkononi, tuone kama mkono ulikuwa mahali pake." Ni refu, najua, na halina utamu. Lakini mtoto wa Katonga anayesikiliza redio anajifunza sheria kutoka kwako.

Tatu, na hili ndilo ninalolipigania sasa kwenye ndondo zetu. Kwenye softiboli, kabla ya mechi, waamuzi na makocha wa timu zote mbili hukutana pale kwenye kibao. Wanakubaliana juu ya mambo ya uwanja ule: mti ulioinamia ndani, uzio mfupi, mpira ukiingia mahali fulani inakuwaje. Kitabu cha dunia hakiujui mti wako. Wewe unaujua, basi sema mapema.

Sisi tuna ziwa. Mpira ukielea kwenye maji kifundo cha mguu, umetoka au haujatoka? Wimbi likiurudisha ndani je? Miaka hii maji yalipopanda, kuna sehemu za ufukweni zilizokuwa uwanja zikawa ziwa, na mstari wa jana si mstari wa leo. Sasa kila ninapopewa filimbi (bado napewa, msishangae) nawaita manahodha na makocha dakika tano kabla. Tunachomeka vijiti upande wa maji. Tunakubaliana. Halafu nanyanyua mkono wangu mbele ya wachezaji wote na kuwaonyesha kwa kidole: mkono unaanzia HAPA, chini ya kwapa. Juu ya hapo ni bega. Kelele zimepungua sana, amini usiamini. Hazijaisha. Zimepungua.

Nimalizie na yule kijana.

Nilimtafuta. Nikaambiwa yuko Kibirizi, anakwenda dagaa usiku na mjomba wake. Nikamkuta asubuhi anaanika. Nikamwambia mbele ya mjomba wake na waliokuwepo, kwa sauti wasikie: "Mdogo wangu, siku ile hukukosea. Mpira ulikugonga begani, na bega si mkono. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaendelea kutandaza dagaa. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, bila hasira:

"Sasa kaka, mbuzi atarudi?"

Hapana, mbuzi hakurudi. Matokeo hayabadiliki, ndivyo sheria ilivyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini waliomwita muuza mechi walisikia.

Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani. Hakucheza, alikaa pembeni tu na ndoo yake. Nilipowaonyesha wachezaji mkono unapoanzia, nilimwona naye ananyanyua wake, anajishika chini ya kwapa, anatikisa kichwa.

Naomba kuwasilisha. Wadau, mnasemaje? Na ninyi wa softiboli kama mpo, nirekebisheni.